Zawadi za Masama na Matairi ya Sista Gaudensia

Namshukuru Mungu aliyeniruhusu kuweka spana chini nikiwa na vidole vyangu vyote kumi. Mtu wa ofisini akistaafu huulizwa ameacha cheo gani. Fundi wa matairi akistaafu, wenzake humtazama mikono kwanza. Ninyi vijana wa karakana mlinitazama hivyo hivyo siku ya kuniaga, na kabla soda hazijaisha mkaniomba niandike yale niliyokuwa nawasimulia tukisubiri gundi ikauke. Nimeyaandika. Mshahara nimeuacha kwa kuwa hauchukui nafasi kubwa, na vyeo sikuwa navyo.

Niliingia karakana ya Mzee Shabani, hapa Moshi mjini, katikati ya miaka ya themanini, nikitokea chuo cha makatekista. Sikufukuzwa. Baba alifariki, na wadogo zangu walihitaji mtu wa kuwalisha. Nilizijua Zaburi nyingi kwa kichwa, lakini nati na bolti sikuweza kuzitofautisha. Mzee Shabani alikuwa Mwislamu, mtu wa mjini, mama yake Mpare na baba yake mwenye damu ya Kiarabu. Alivaa kofia nyeupe ambayo haikuwahi kuchafuka, na hadi leo sijui aliwezaje katika kazi yetu hii.

Siku ya kwanza alinikuta nimesimama karibu na gurudumu la lori, lile la rimu inayofungwa kwa ringi ya chuma. Alikuwa amelizungushia mnyororo na anajaza upepo kwa mpira mrefu, yeye mwenyewe kasimama mbali, nyuma ya nguzo.

"Kijana, toka hapo."

"Shikamoo mzee, naangalia tu."

"Marahaba. Kaangalie kutoka huku."

Nilikuwa nimepiga hatua chache tu kumfuata pale ringi ilipofyatuka. Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Mnyororo uliishika, lakini gurudumu zima liliruka na kuanguka pale nilipokuwa nimesimama. Vumbi lilipotulia Mzee Shabani aliniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

"Basi huyo ndiye mwalimu wako wa kwanza," alisema. "Mimi ni wa pili."

Miaka ile tairi jipya lilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa subira. Kwa hiyo tulishona. Tairi lililopasuka ubavuni tulilishona kwa uzi wa nailoni, tukaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, na tyubu yenye viraka juu ya viraka. Gari lilitembea. Sisemi kwamba lilitembea vizuri. Lakini kushona kulinifundisha tairi lilivyo ndani, nyuzi zake zinavyopishana na mahali linapoumia kwanza, na fundi ambaye hajawahi kulitazama tairi kwa ndani namhesabu kama msomaji aliyeishia kwenye jalada.

Kukaza nati nilijifunza kwa utani. Nati hazikazwi kwa kufuata duara. Unakaza moja, kisha ile inayoitazama upande wa pili, ndipo unarudi za pembeni, ili rimu ikae sawasawa. Mzee Shabani alikuwa akinipitia nyuma ya mgongo na kusema, "Msalaba, Deo, msalaba! Mkatoliki gani wewe unayefundishwa msalaba na mimi?" Aliwaambia wateja kwamba amenibadilisha dini mara mbili na mara zote nimerudi kule kule.

Alinifundisha pia kiganja. Kila gari likisimama baada ya mwendo, unalizunguka ukiweka kiganja kwenye kila tairi na kila rimu. Tairi lenye joto kuliko wenzake lina upungufu wa upepo au limebebeshwa kuliko wenzake. Rimu yenye joto peke yake ina breki inayokwaruza au beringi inayolia. Na tairi likiwa la moto usilipunguzie upepo hata kama geji inaonyesha umezidi. Subiri lipoe. Alisema tairi la moto ni kama mtu mwenye hasira, majibu yake usiyaandike.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Bidhaa za nje zikaruhusiwa, na matairi ya mtumba yakaja kwa makontena, yamepakwa dawa nyeusi yanang'aa kama viatu vya harusi. Watu wakachagua kwa kutazama kashata, yaani zile tofali za mpira zinazokanyaga barabara. Kashata zikiwa ndefu, tairi zima. Mzee Shabani alikuwa akilikunja ubavu kwa magoti na kuonyesha nyufa ndogo ndogo zinavyofumbuka, kisha anatafuta tarakimu za mwaka wa kutengenezwa. "Huyu hajatembea," alisema, "lakini amezeeka akiwa amekaa." Wengine walimwelewa. Wengine walivuka barabara kwenda karakana ya upande wa pili, iliyokuwa na mashine ya upepo ya kufungia nati, trrr, trrr, gari limekwisha, na ndani kuna kiyoyozi.

Jambo moja la Mzee Shabani waliokuwa upande wa pili walilicheka sana. Gari kubwa tulilolifanyia magurudumu hatukuliacha liende peke yake. Fundi mmoja alipanda nalo hadi Bomang'ombe, dereva akasimama, fundi akashuka, akapitisha kiganja, akakaza nati upya, ndipo akaaga na kurudi kwa basi. Nati iliyofungwa leo hujilegeza kidogo baada ya mwendo wa kwanza, hiyo ndiyo sababu ya kifundi. Sababu yake yeye ilikuwa nyingine. "Mgeni akiondoka kwako unamwacha mlangoni?" aliuliza. "Unamsindikiza." Tuligombania kazi hiyo, na nisiwadanganye, nyama choma ya Bomang'ombe ilihusika.

Ndivyo nilivyofahamiana na Sista Gaudensia na gari lake.

Alikuwa mtawa kutoka upande wa Bukoba, mganga wa macho, mwembamba, mwendeshaji hodari. Wafadhili walikuwa wamemletea gari-nyumba, lile ambalo wazungu hutembelea na kulala humo humo. Nusu ya mbele alikaa yeye: kitanda, jiko dogo, kabati, tanki la maji. Nusu ya nyuma alikuwa ametengeneza chumba cha kupasulia mtoto wa jicho. Alipita mahali hadi mahali, akikaa kila mahali miezi kadhaa, ili wazee wasioona wasilazimike kusafiri.

Alipoingia uani kwetu mara ya kwanza Mzee Shabani alilizunguka gari lote kimya, akachungulia pazia la dirishani.

"Sista, hii ni nyumba iliyochoka kukaa."

"Na mimi ni mpangaji, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuone miguu yake."

Kashata zilikuwa kamili. Mzee akapiga magoti kutafuta nyufa, lakini sista akamwahi. "Ubavu wa ndani, gurudumu la nyuma kushoto," alisema. "Zimeanza, ni nyembamba. Nimezipima kwa ukucha. Ninazifuatilia." Mzee Shabani alinyanyua uso akamtazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Tangu siku hiyo walikuwa wakizungumza kama wazee wawili wa baraza. Yeye sista ndiye aliyetufundisha kwamba gari-nyumba huua matairi likiwa limesimama. Uzito wote unakaa mahali pamoja mwezi hadi mwezi, na jua linakausha mpira. Kwa hiyo alilisimamisha juu ya mbao, akayafunika matairi kwa magunia ya kahawa, na kila wiki alilisogeza kidogo ili tairi likanyage sehemu nyingine. Alitaka pia lipimwe kila ekseli peke yake, likiwa na maji, dawa na kila kitu, kwenye mizani ya malori. Tukaenda. Jibu likawa kwamba ekseli ya nyuma ilikuwa imebakiza nafasi ya mtu mmoja mnene na begi lake. Mzee Shabani alipanga upepo kwa uzito ule halisi, akaandika kwa chaki ndani ya mlango, na kusema, "Hapa sista, hata ukinenepa nipe taarifa."

Na matairi ya kipimo kile hayakuwepo Moshi wala Arusha. Alikuwa nayo manne barabarani na moja la akiba. Yakipasuka mawili, nyumba ingebaki porini.

Mwaka mmoja sista alikaa Masama, huko juu mlimani, kwenye zahanati ya parokia, tangu mvua zilipokatika hadi kahawa ilipokwisha kuanikwa. Sitajaribu kueleza kazi aliyoifanya pale. Nitasema tu kwamba kulikuwa na wazee waliokuwa wakiongozwa mkono kuja misani, na baadaye wakaja peke yao, wakikosoa nguo za wenzao. Mmoja alikuwa Bibi Anastasia. Kwa miaka mingi alikuwa akikitembea kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, kwa kupapasa, mgomba kwa mgomba. Siku alipofunguliwa bandeji alimtazama mwanawe mkubwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe na wewe umezeeka."

Sista alipomaliza alitakiwa aende Kondoa. Padri wa huko alikuwa amekwisha kuwatangazia watu siku, na wasioona walikuwa wameanza kukusanywa kutoka vijijini. Mzee Shabani akanituma Masama nikakague magurudumu na kumsindikiza. Nilipanda siku moja kabla ya safari. Asubuhi matairi yakiwa bado baridi nilivua magunia, nikapima upepo kufuata chaki ya mlangoni, nikakaza nati, nikapima na la akiba, ambalo watu wengi hulisahau hadi siku wanapolililia. Kila kitu kilikuwa sawa. Tukaingia misani. Paroko akatoka na maji ya baraka, akabariki gari na kila gurudumu, kisha mwenyekiti wa parokia, Mzee Aloisi, akanivuta mimi na sista tukanywe mtori, ile supu yetu ya ndizi.

Tuliporudi nililiona gari kwa mbali, nikasimama.

Nyuma lilikuwa limekaa chini kama ng'ombe anayetaka kulala. Matairi yamefura mashavu. Nikafungua mlango. Ndizi mshare, mikungu kwa mikungu, hadi kitandani. Magunia ya maharage na mahindi. Magimbi. Kahawa. Dumu la mbege, pombe ya ndizi, limesimamishwa kwenye sinki. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kitanda cha upasuaji, na alinitazama kama mimi ndiye niliyeingia bila hodi. Wote waliofunguliwa macho walikuwa wameleta, na ndugu zao, na majirani wa ndugu zao. Walikuwa wamesimama pembeni, wamependeza, wakisubiri tufurahi.

Nikamvuta Mzee Aloisi kando nikamwambia gari haliwezi kwenda hivi.

"Kwa nini? Limeharibika?"

"Limezidiwa, mzee. Matairi yamelala."

"Si mna pampu? Ongeza upepo."

"Upepo una mwisho wake. Tairi hili limeandikwa uzito linaouweza. Ukizidi, likipata joto linapasuka, hata ulijaze vipi."

"Sasa tutoe nini? Dawa?"

"Dawa haitoki."

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akanipima kwa macho juu hadi chini. "Huyu fundi naye anapanda? Ana kilo ngapi? Tuanze na huyu."

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini hakuna aliyesogea mlangoni. Ninyi mnaotoka huku mnaelewa. Mgeni anayeondoka bila kuchukua ulichompa amekuambia kitu, na hutakisahau. Na hawa walikuwa wametoa kwa sababu wanaona. Nani angemwambia mtu aliyerudishiwa macho kwamba zawadi yake ishuke?

Sista alikuja akasimama karibu nami, mikono ameificha ndani ya mikono ya vazi lake. Aliyatazama matairi na kuelewa bila kuambiwa.

"Fundi, likienda hivi litafika wapi?"

"Bomang'ombe litafika. Kondoa siwezi kukuahidi, sista. Lami ikiisha, kwa jua lile na mawe yale, ule ubavu wa kushoto..."

Akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa akiomba. Mimi pia niliomba, na ombi langu halikuwa la kitaalamu: nilimwomba Mungu mtu mwingine aseme.

Bibi Anastasia akaja, ameshika fimbo ambayo hakuihitaji tena. "Kuna nini? Mbona mmenuna kama mnazika?"

Mzee Aloisi akasema hakuna kitu, bibi, ni mambo ya gari.

"Nimekuwa kipofu, sikuwa kiziwi. Nimesikia neno zawadi. Wewe fundi, niambie."

Nikamwamkia, nikamweleza. Alipiga magoti taratibu pale kwenye gurudumu la nyuma, akafumba macho, akalipapasa tairi kwa viganja viwili, kama alivyokuwa akipapasa migomba yake miaka yote ile. Akaenda la mbele akalipapasa pia. Akarudi la nyuma. Nimefanya kazi na mafundi wengi, na sikumbuki mwingine aliyelikagua tairi kwa heshima kiasi kile.

"Huyu amechoka kabla ya kuanza," alisema. "Mkungu wangu uko wapi?"

Ulikuwa juu ya kitanda, mkubwa kuliko yote. Mwanawe akasema, "Mama, tushushe mingine kwanza, wako ubaki."

"Ushushe."

"Mama, uliuzungukia kihamba kizima."

"Ndiyo. Nilizunguka peke yangu, sikushikwa mkono, nikaona migomba yote, nikachagua. Nilitaka sista aone kwamba nimechagua." Akamgeukia. "Umeuona?"

"Nimeuona, bibi," sista alisema.

"Ni mkubwa?"

"Sijaona mkubwa kama huo."

"Basi umekwisha kuupokea. Ushushe, kijana. Kule Kondoa kuna mwenzangu anapapasa ukuta. Asubirishwe na ndizi?"

Mwanawe akaushusha. Bibi akakata chane moja kwa kisu, akaiweka mwenyewe karibu na kiti cha dereva, na mkungu uliobaki akaagiza upelekwe zahanati kwa wagonjwa. Baada ya hapo sikulazimika kusema neno. Walipanga mstari kama wa komunyo. Kila mmoja alishusha alichokileta na kuacha kidogo: konzi ya maharage, gimbi moja, kahawa ya kujaza kikombe. Sista alipokea kila kimoja kwa mikono miwili na kumtaja mwenyewe kwa jina. Mbuzi alishuka akiwa amejaa dharau. Mbege ilishuka pia, na walioishusha hawakuipeleka mbali.

Nililitazama gari likinyanyuka taratibu, mashavu ya matairi yakirudi. Nikapima tena. Chaki na geji zilikubaliana.

Tukateremka hadi barabara kuu, pale Kwa Sadala, kwa gia ndogo, kwa kuwa mtu akiegemea breki kwenye mteremko ule joto lote huingia kwenye rimu na kutoka kwenye rimu huingia kwenye tairi. Sista hakuhitaji kuambiwa. Bomang'ombe tukasimama, nikapitisha kiganja, yote yana joto moja. Nikakaza nati, msalaba, moja moja. Nilipokuwa nanawa mikono nikasikia sista anacheka ndani ya gari, kicheko cha msichana. Alikuwa amefungua kabati la chini ya jiko atafute kikombe. Ndani yake alikaa kuku mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, ametulia kama aliyelipa nauli.

"Fundi, huyu naye tumshushe?"

Nikamwambia kanuni za matairi hazimhusu. Akaniombea baraka, akawasha gari, akaondoka. Nikasimama pale hadi nilipoacha kuliona.

Baada ya wiki kadhaa padri mmoja aliyepita Moshi alituletea habari. Sista alifika Kondoa siku iliyotangazwa, matairi yote mazima. Mzee Shabani aliposikia alisema Alhamdulillahi na kwenda kuswali, na mimi nikafanya ishara ya msalaba. Padri akaongeza kwamba mzee wa kwanza kufunguliwa bandeji alikuwa ameketi nje, kwenye kivuli cha gari, na kitu cha kwanza alichokiona kikipita mbele yake ni kuku mwekundu. Akauliza ni wa nani. Wakamwambia ni wa watu wa Masama. Akasema wasalimiwe.

Jumapili iliyofuata nilipanda Masama kuzifikisha salamu hizo. Nilimkuta Bibi Anastasia kihambani anapogoa migomba, nikamweleza yote, hadi kuku. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Kumbe alifika," alisema.

"Bibi, ni wewe uliyemweka? Na ulinisikia nikisema mzigo ushuke."

Akanitazama vizuri, kwa macho yote mawili.

"Mzigo nilishusha, mwanangu. Yule alikuwa abiria."